Ugwe wa Pima Mbili

Minnesota, 4 Agosti 1991

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku kusikonuka chumvi. Mimi na mume wangu Dale tu wazima na nyanya za bustani zimekubali. Mgongo wako je? Mbwa wako Rufus bado analala kwenye kiti cha marehemu mama?

Msimu wa kuwinda bata huku unafunguliwa mapema Oktoba. Nataka kuwaweka majini wale bata wa mbao ulionichongea nilipoolewa, wawavute bata wa kweli. Ni wazuri mno kukaa juu ya kabati, ila mpaka leo hawana ugwe wala nanga ya kuwashika wasichukuliwe na maji. Baba Halvor ana kamba ya plastiki ya kijani, anasema haijisokoti hata upepo ukivuma, na amejitolea kunifungia Jumamosi. Nikamwambia asubiri nimuulize baba kwanza. Wewe ungechagua ugwe gani?

Binti yako,
Lenora


Crisfield, Maryland, 15 Agosti

Lenora mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na mgongo mzima pia, maana unauma kila siku bila kukosa. Rufus yuko kwenye kiti cha mama yako na hataki kuambiwa.

Sasa, huyu "Baba Halvor". Nilifika kwenye neno hilo nikaiweka barua chini, nikaenda kukumba maji kwenye mashua. Niliporudi lilikuwa bado lipo. Baba wa mume ni mkwe. Sikujua kwamba huko wanagawa ubaba kama wali wa msibani.

Umeuliza ugwe, nitakujibu ugwe. Nailoni nyeupe bata anaiona akiwa bado juu mawinguni. Uzi wa kuvulia samaki hausahau kibunda ulikotoka. Unajikunja, unakata vidole, na fundo lake linateleza. Pamba inaoza. Hiyo plastiki ya kijani ni kweli haijisokoti, kwa sababu haishiki kitu chochote, hata fundo, na siku ya baridi inakakamaa. Ianikieni nguo. Wewe chagua ugwe uliopakwa lami. Ni mweusi, hauozi, na fundo likishabana limebana. Unanuka na unachafua mikono, lakini hata mimi niko hivyo na ulinizoea.

Halafu umesahau desturi ya kwetu? Aliyemchonga bata ndiye anayemkatia ugwe. Mwambie bwana huyo awaache bata wangu. Nakutumia ugwe nilioukata kwa mkono wangu, pima mbili kila kipande, na nanga zake za madini ya risasi. Hebu mwulize, yeye hufunga fundo gani? Nadhani la viatu.

Baba yako, yule wa tangu mwanzo


Minnesota, 5 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na hasira zimepungua. Sisi hatujambo, ila nyumba nzima inanuka lami. Mama mkwe amelihamishia kasha lako ghalani.

Bwana Halvor (umeona?) aliuvuta ugwe wako, akaunusa, akasema, "Huyu mzee anaujua ugwe." Kwake hayo ni maneno mengi. Fundo lake anazungusha mara tatu, analilowesha kwa mate, kisha anavuta. Nilicheka, naye akacheka.

Ila baba, ni mrefu. Ghuba ya ziwa tunayowindia maji yanaishia kiunoni. Bata mwenye ugwe wa pima mbili pale atatembea hadi kwa jirani. Nikikata ubaki nusu, utakasirika?

Binti yako,
Lenora


Crisfield, 16 Septemba

Lenora,

Marahaba. Afya ninayo, na hasira sijaipunguza.

Usikate. Vidole vyangu siku hizi havikunjuki asubuhi mpaka nivitie kwenye maji moto. Nilivitia, nikakaa, nikapima kipande baada ya kipande, kwa ajili yako. Leo nikusikie umekata ili umpendeze mtu mwenye kidimbwi? Kama maji yake ni mafupi, kosa si la ugwe wangu.

Na mkicheka pamoja si lazima uniandikie.

Unajua kwa nini sikuwafunga ugwe siku ile ya harusi? Nilidhani utakuja nyumbani msimu ukifunguliwa, tukae wawili kwenye mashua kama zamani, nikukatie pale pale. Misimu imepita, hukuja. Sasa nasikia unakaa kwenye mashua ya mwenzangu, unajifunza fundo la mate. Ndiyo, nina wivu. Nimeandika mwenyewe ili usijisumbue kuhisi.

Baba


Minnesota, 20 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na bado sijamaliza.

Sikukata. Siku ya ufunguzi tuliwaweka bata wako kwenye ghuba ya Halvor. Upepo ulipoanza wakatangatanga, wakagongana, wakavishana ugwe shingoni. Mmoja akapinduka tumbo juu. Asubuhi yote tulikuwa tunafungua mafundo kwa vidole vilivyoganda, na majirani ng'ambo wakipiga kelele, "Halvor, umeanza kusuka?" Hatukupata hata unyoya.

Nikatoa kisu. Nikamwambia nakata, baba yangu hatajua. Akanishika mkono. "Mzee kakata mwenyewe," akasema. "Tutahama sisi."

Baba, ile ghuba ndipo baba yake alipomfundisha kuwinda. Hajawahi kuwinda mahali pengine. Jumapili baada ya kanisa alichukua timazi akapiga makasia mpaka jua likazama, anashusha, anapandisha, akitafuta maji yanayolingana na ugwe wako. Akayapata kwenye ncha ya kaskazini, mahali pa baridi pasipo na matete ya kukinga upepo. Siku hizi tunakaa huko. Bata wako wanaelea vizuri, na bata wa kweli wanashuka. Yeye ana kikohozi.

Sasa nijibu. Tangu nizaliwe nakuona ukipima maji kabla ya kukata, yakiwa yamekupwa, kisha unaongeza urefu wa maji kujaa. Ziwa halijai wala halipwi, na hilo unalijua. Mbona safari hii hukuuliza kina?

Lenora


Crisfield, 9 Novemba

Lenora mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma, nikaenda kwa wavua chaza nikawagombeza bila sababu, nikarudi kuisoma tena. Rufus alinihama siku mbili.

Sikuuliza kina kwa sababu sikutaka kujua maji ya yule bwana. Nilikata kwa maji ya kwetu, maana nilitaka uwe kwenye maji ya kwetu. Mtoto angefanya hivyo ningemcheka.

Na mambo yameniharibikia zaidi. Angekuwa mjinga ningelala vizuri. Angeukata ule ugwe ningemchukia kwa raha zangu mpaka kufa. Lakini mtu anaacha maji ya baba yake kwa ajili ya uzi wa mtu asiyemjua, mtu aliyemtukana? Mimi ningekata, Lenora. Sasa namwonea wivu hata kwa hilo.

Mrudishe kwenye ghuba yake. Chukueni timazi, mpime, mkate uzi wowote sawasawa na kina cha pale, mnitumie. Mwambie afunge fundo lake mwishoni nilione. Na anywe supu ya moto, kikohozi cha majini si cha kuchezea.

Baba yako


Minnesota, 18 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huu hapa uzi. Tulipima Jumamosi, pembezoni barafu imeanza. Fundo kafunga mwenyewe, akalirudia mara mbili kwa kuogopa macho yako. Kikohozi kimepungua. Anauliza kama msimu wenu Desemba bado utakuwa wazi, na kama mashua yako inabeba watatu.

Binti yako anayekuja,
Lenora


Crisfield, 27 Novemba

Lenora mwanangu,

Marahaba. Msimu utakuwa wazi. Mashua inabeba watatu Rufus akibaki nyumbani, na nimekwisha kumwambia.

Ugwe mfupi tayari umeshakatwa, umepakwa lami, unakauka barazani. Nimekata kwa kipimo cha ule uzi mliotuma, na kidogo cha ziada kwa ajili ya mawimbi. Mtaondoka nao.

Lile fundo nimejaribu kulifungua. Nimejaribu kwa vidole, kwa msumari, na jana kwa meno. Halifunguki. Usimwambie.

Baba