Daktari Kampima Pacha Asiyeumwa

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, maana nina jambo limenikaba hadi cherehani imenishinda.

Mimi ni fundi wa nguo, nina mapacha wa kike wa miaka minane, wamefanana hadi bibi yao huwaita wote "nyie", ila mmoja, tunayemwita Bibie, ana baridi yabisi, watu hawaamini kwamba mtoto anaweza kuumwa viungo kama mzee, asubuhi magoti yamekaza hata chooni anafika kwa kuegemea ukuta, na pacha wake Chiriku, mzima kabisa, ndiye humvisha soksi. Juzi siku ya kliniki nilibanwa na sare za shule nikamtuma baba yao, naye ni fundi baiskeli, na kwa kuwa Bibie anaogopa sana sindano, watoto wakabadilishana sweta nyuma ya mlango, Chiriku akaenda badala yake, na baba mtu, mshauri, hakugundua! Eti Chiriku alianza vizuri tu kuchechemea mlangoni kwa daktari, kisha akasahau, akarukia kitanda, daktari akafurahi kweli, akasema dawa imefanya kazi, tupunguze, na mtoto akatolewa damu wala hakulia. Tukapunguza, sasa goti la Bibie limevimba halikunjiki, na Chiriku kaangua kilio akatoboa siri: "Mama, nilitaka apumzike kuchomwa, hata mara moja tu." Nilitaka kumchapa, nikajikuta nimemkumbatia. Baba yao ananisihi, "Mke wangu, tutaonekana wajinga, turudishe tu dawa kama zamani, yaishe," nami naona aibu, mama gani mimi, lakini moyo unakataa. Nifanyeje?

Mama Mapacha

Mama Mapacha, pole sana, na unisamehe, hapo pa kitanda nimecheka. Haya, nimemaliza.

Dawa hairudishwi na wewe wala na fundi baiskeli. Goti limevimba, nawe umekaa unaniandikia mimi? Funika cherehani, sare zitasubiri, wachukue watoto wote wawili na baba yao, mwende leo hii mkamwambie daktari kila kitu, pamoja na kwamba ile damu ni ya Chiriku. Akicheka, chekeni naye. Akifoka, nyamazeni afoke. Mwambieni pia hofu ya Bibie, wauguzi wana mbinu zao, na Chiriku apewe kazi ya kumshika mkono mwenzake. Mwombe daktari amwangalie na Chiriku. Si lazima augue, ila mapacha kama hawa ni vizuri wote wajulikane kwa daktari. Kumchapa usithubutu.

Nawe shemeji, ningekuwa karibu ningekuvuta sikio. Unaogopa kuonekana mjinga! Binti yako wa miaka minane kanyoosha mkono wake utobolewe ili dada yake asiumie. Wewe mzazi mzima unashindwa kumbebea Bibie aibu ya nusu saa? Vaa viatu, twende.