Spika ya Kushoto Ije Chumbani

Kwako Bwana Mawimbi, jirani na rafiki yangu wa siku nyingi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yako yakiwa na nafuu na sauti yako ikiwa bado inatikisa vikombe kabatini. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni wa kitandani tu. Pumzi zipo, lakini nazitumia kwa ubahili. Daktari akija husimama kwanza nje ya mlango akiongea na mke wangu, shemeji yako, kwa sauti ya chini, halafu huingia kwangu akitabasamu. Nimekaa mahakamani muda mrefu mno, siwezi kukosa kuitambua sura ya mtu anayeijua hukumu kabla ya mshitakiwa.

Utacheka kwamba nakuandikia barua na hali paa lako naliona kutoka dirishani. Sauti imenikimbia, ndugu yangu. Nimebakiwa na mnong'ono, na haya ninayotaka kukueleza si ya kunong'ona. Isitoshe, hujakanyaga kwetu tangu ulipokorofishana na kijana wangu, huyu unayemwita mwanao. Ndiyo maana nimempa yeye mwenyewe akuletee barua hii. Mfungulie mlango. Hana kosa, wala wewe huna.

Unakumbuka spika zetu za zamani zilivyoanza kukoroma kama mzee aliyelala chali. Ulizifungua ukanionyesha jinsi karatasi ya ndani ilivyochanika, ukasema hapo hakuna la kushona. Mjadala wa kununua nyingine ukafanyika miguuni pa kitanda changu, na kusema kweli niliufurahia, maana ni muda mrefu sijasikiliza pande mbili zikivutana mbele yangu. Mwanao alitaka zisizo na waya. Alisema mama yake hatajikwaa, nyumba itakuwa nadhifu, na hata mimi nitaweza kuongoza muziki kwa simu bila kuinua kichwa kwenye mto. Wewe ukamjibu kwamba kitu kinachoitwa kisicho na waya, halafu kila spika inaburuza mkia wake mpaka kwenye soketi ya ukutani, ni uongo wa mchana kweupe. Ukasema waya hausahau njia, hauombi nywila, na haujawahi kuamka asubuhi ukadai usasishwe. Mwanao akakuita Babu Shaba, kwa shaba iliyomo ndani ya waya wako. Ukamwita mtoto wa hewani. Shemeji yako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa gauni.

Kisha ukasema, basi Mheshimiwa akate shauri. Nikakata. Nilichagua zisizo na waya, na sababu niliyoitoa ni miguu ya mke wangu. Ulikubali kiungwana, ila nilikuona ukikunja upya ule waya mnene uliokuwa umeuleta kutoka kwako, taratibu, kama mtu anayekunja shati la mtoto aliyehama nyumbani.

Sababu yenyewe haikuwa miguu ya mtu. Ulikuwa umetangulia kueleza jinsi utakavyoupitisha waya pembeni mwa ukuta wa sebule, wewe ukiwa umepiga magoti na shemeji yako akikumulikia tochi. Ulitaja tochi mara moja tu, kwa kupita. Mimi niliiona. Niliwaona nyote wawili chini kule nyuma ya kochi, vichwa vimekaribiana, yeye akikuambia sogeza kidogo, na mimi huku nimelazwa kama zulia lililokunjwa. Nikasema zisizo na waya, na kesi ikaisha.

Spika zikaja, nzuri, nyeupe, kama mitungi midogo. Ukawa unakuja kila alasiri na santuri zako kwapani. Mlango wa chumba changu huachwa wazi kidogo ili nipate hewa, na kupitia uwazi ule nilipata zaidi ya hewa. Nilijua kwamba unakalia kiti changu, kwa sababu kina mlio wake mtu akiegemea. Nilijua unakunywa kwa kikombe changu cha buluu, maana shemeji yako alikuuliza kama mpini wake bado unalegea. Siku moja alipita kuniletea dawa nikaona amevaa herini. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, kwani mtu hawezi kuvaa herini nyumbani kwake? Nikameza dawa.

Halafu nikamsikia akiimba.

Sijui kama unaelewa, Mawimbi. Nimeishi na mwanamke yule tangu nilipokuwa na nywele. Najua anavyokohoa, anavyofunga kabati akiwa amekasirika, anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo nisilolipenda. Sikujua kwamba anaimba. Ile santuri yako ya tarumbeta ilipofika kwenye kiitikio, ukaanza wewe kwa ile sauti uliyosomea taarifa za habari ujana wako wote, na juu yake ikapanda nyingine, nyembamba, safi, isiyoyumba, ikakaa mahali pake kana kwamba ilikuwa imewekewa nafasi siku zote. Ulimwambia, shemeji, wewe ulifichwa wapi? Akacheka. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza swali lile, na nilikuwa mita chache tu kutoka hapo.

Tangu siku ile spika zikaanza kukatika.

Unayajua mengine. Wimbo unafika katikati, sauti inazama, inarudi, inazama tena. Ulizihamisha mbali na dirisha, ukazitenga na jokofu, ukasema ndiyo hayo ya hewani niliwaambia. Mwanao akaja akazizima na kuziwasha, akapiga simu dukani, akabadilishiwa jozi nyingine, nayo ikafanya vilevile. Hapo ndipo alipokuambia kwa hasira kwamba huenda tatizo ni mikono ya wazee wanaogusa vitu wasivyovielewa. Ukachukua santuri zako. Hukubamiza mlango. Ningependa ungebamiza.

Spika hazikuwa na ubovu wowote. Ni mimi. Simu aliyoniwekea mwanangu ili nijiburudishe niliificha chini ya shuka, na kila mlipofika kwenye kiitikio niliteremsha sauti kwa kidole gumba. Mkikaribia spika kuzichunguza, naipandisha. Mikono hii ikishika kijiko humwaga uji, lakini kwa kazi ile haikutetemeka hata kidogo. Nimewahi kuwafunga watu kwa ushahidi uliokuwa na mashaka, na hilo nitalijibu ninakokwenda, lakini sijawahi kuhukumu vitu viwili visivyo na hatia huku mkosaji nikiwa ni mimi, hakimu mwenyewe.

Na usidhani niliacha kwa sababu dhamiri ilinisuta. Niliacha kwa sababu nilishindwa. Alasiri ya mwisho uliyokuja, niliteremsha sauti mpaka chini kabisa, nikasubiri mnyamaze. Hamkunyamaza. Mliendelea kuimba bila muziki, mkapiga mapaja, mkamaliza wimbo mzima. Nilibonyeza na kubonyeza. Simu haina kitufe cha kumzima mtu.

Baada ya ugomvi wenu nyumba ilinyamaza kabisa. Shemeji yako alipokuja kunigeuza ubavu nilimwuliza, kwa huu mnong'ono wangu, kwa nini hakuwahi kuniimbia. Hakukasirika. Alinyoosha shuka kwanza. Akasema amekuwa akiimba jikoni miaka yote, ila aliposikia gari langu likiingia alinyamaza, kwa sababu nilikuwa nikirudi na majalada ya kesi nikiomba utulivu. Akasema alizoea. Halafu akatoka kwenda kukamua limau, kana kwamba ametaja hali ya hewa.

Kwa hiyo hukuniibia kitu, rafiki yangu. Ulikuta mlango ambao mimi niliufunga kutoka nje, ukausukuma. Naelewa. Lakini usinielewe vibaya: wivu ungalipo. Hata sasa ninapoandika, nikiwaza ile tochi, damu inanipanda mpaka mto unapata joto. Nadhani tutakufa pamoja, mimi na wivu wangu, na sina hakika nani atatangulia.

Mwanao nimemweleza jana. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaichukua simu na kuiweka juu ya kabati. Shemeji yako bado. Huyo nitamwambia mwenyewe, nami nataka uwepo, ili asinirushie kitu.

Sasa ombi langu. Njoo na ule waya wako mnene. Spika za hewani zirudishwe dukani, mwanao amekubali, na zinunuliwe zile ulizozitaka tangu mwanzo. Upige magoti nyuma ya kochi, amulike tochi, potelea mbali. Lakini ya kulia tu ndiyo ikae sebuleni. Waya wa kushoto uupitishe chini ya mlango, uufikishe huku, na spika yake uiweke kando ya kitanda changu. Najua utasema nimeharibu muziki, kwamba kila spika hubeba vyombo vyake, kwa hiyo tarumbeta zitabaki kwenu na ngoma zitakuja kwangu. Ndivyo ninavyotaka. Mkitaka kuusikia wimbo mzima, itabidi mje kusimama mlangoni, nyote wawili, mahali ninapowaona. Na kama yeye ataimba, aimbie hapohapo kizingitini.

Nitakapokuwa sipo, kiti ni chako, kikombe pia, mpini ugundishwe. Yeye si wangu wa kumgawa, atajiamulia. Ila hiyo spika ya kushoto naomba isihamishwe.

Nisalimie wote walio nyumbani kwako, na paka wako mwizi. Njoo mapema, kabla jua halijageuka upande wa dirisha langu.

Mimi rafiki yako, mwenye kidole gumba,

Mheshimiwa