Paka wa Mama Amekula

Kitale, Jumamosi, Mei 1953

Mvua inanyesha tangu asubuhi, matope yamefika mlangoni. Lakini leo nina furaha. Paka amekula.

Alikuwa paka wa Mama. Tulipomaliza kumzika Mama kule Kamukuywa, nilimtia paka ndani ya kikapu, nikapanda naye basi mpaka hapa. Tangu hapo amekuwa akikonda tu. Ugali na maziwa ananusa, anageuka. Hata siku akinywa maziwa kidogo, tumbo linaharibika. Nikimpapasa, manyoya yanabaki mkononi.

Niliona kama akifa huyu, nitakuwa nimemzika Mama mara ya pili.

Juzijuzi nilimkuta nyuma ya ghala amekamata panya. Alimla mbichi, kichwa, mifupa na matumbo, akabakisha mkia. Nikasimama pale na sahani yangu ya ugali, nikaona haya. Kumbe njaa anayo. Chakula changu ndicho kisichomfaa.

Nikaenda kwa muuza nyama, nikapata kipande cha moyo wa ng'ombe na ini kidogo. Shingo ya kuku tuliyemchinjia mchungaji wa kanisa alipotutembelea niliiponda juu ya jiwe mpaka mifupa ikawa laini. Nikachanganya vyote hivyohivyo vibichi, bila chumvi.

Barasa, mume wangu, alicheka. "Ati paka ale moyo, na sisi tule kunde!"

Mama mkwe hakucheka. Tunaishi naye, na vifaranga wake ndiyo raha yake tangu atoke Sirisia.

"Nafula, ukimzoesha damu, si atamaliza vifaranga wangu?"

"Mama, akigusa hata mmoja, nitamrudisha Kamukuywa."

Nilisema tu. Kamukuywa amrudie nani? Nyumba ile imefungwa.

Mara ya kwanza alilamba tu. Jana alikula nusu. Leo asubuhi amemaliza vyote, akatoka. Vifaranga walikuwa wamejaa barazani kukwepa mvua. Mama mkwe akashika fimbo.

Paka akapita katikati yao, akapanda juu ya gunia la mahindi, akajilamba, akalala.



Jioni nimetoka kuchota maji nikamkuta mama mkwe amechuchumaa jikoni na kisu, anakatakata ule moyo uliobaki. Paka anajisugua kwenye mguu wake. Mama mkwe hata hakuinua macho.

"Vipande vyako ni vikubwa," akasema. "Vitamkaba huyu."

Nikaingia chumbani haraka, asinione nikilia.

Paka bado ni mifupa mitupu, na mgongoni ana upara. Sijui kama atapona kabisa. Lakini sasa tuko wawili wa kumlisha.

Jumatatu narudi kwa muuza nyama. Mama mkwe ameniambia niulize kama ana figo.