Mstari wa Siku Mia Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Bei ya leo 231. Ya kutupa 198. Mzee amejumlisha kichwani kabla sijatua daftari: jumla 42,833, gawa kwa mia mbili, mstari uko 214 na kidogo. Bei iko juu ya mstari. Akaridhika, akadai chai.

Ndivyo tunavyoianza siku tangu sukari ianze kumfifisha macho. Namsomea gazeti, ukurasa wa masoko, bei moja tu: ya hisa za kiwanda cha sabuni, alizonunua kwa kiinua mgongo chake cha polisi. Kisha nafungua daftari lake la zamani, namsomea bei ya siku ya mia mbili nyuma. Anaongeza mpya, anatoa kuukuu, anagawa. Anauita mstari mrefu. Bei ya siku moja ni kelele za sokoni, anasema, thamani ya kitu inakaa kwenye mstari mrefu. Bei ikiwa juu ya mstari, kaa nazo. Ikilala chini yake siku kumi za soko mfululizo, uza, usibishane.

Alikuwa mtu wa redio ya mawasiliano. Kila namba anairudia tarakimu moja moja. "Mbili, tatu, moja. Nimepokea." Miaka thelathini na minne ya ndoa, na bado ananifanya kituo cha polisi.

Alhamisi, 7 Agosti

Hospitali. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto lina nafasi: ngozi ya ndani imeanza kubanduka, likipasuliwa upesi litabaki na mwanga wake. Upesi, daktari alisema, msivuke Septemba. Gharama ni kubwa lakini hisa zinatosha, na nyingine zitabaki.

Tukarudi Nakawa. Nyumbani akaketi kitandani na viatu vyake. Halafu akaniomba bei, maana asubuhi tulitoka mapema.

Imeshuka. 219. Sikuweza. Jicho na hisa, siku moja? Nikasema 233.

"Mbili, tatu, tatu. Nimepokea." Akavua viatu. Akala hata chakula. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ijumaa, 8 Agosti

217. Nimesema 232. Ningefanyaje? Nikimpa 217 baada ya 233 ya jana, atauliza kama kiwanda kimeungua. Nitashuka naye polepole, shilingi moja moja, mpaka nikutane na ukweli huko chini.

Bei za kweli naziandika kwa penseli nyuma ya daftari hili. Hili langu hagusi mtu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia tuuze, jicho lipasuliwe, tumalize. Amekataa, kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi. "Mama Rukia, ng'ombe iko na mimba, nani nauza?"

Hesabu yake ni hii. Daktari amempa mpaka Septemba. Kwa namba ninazompa, maana kushuka naye kumenishinda, bei inapanda, mstari unapanda. Tungoje wiki ya mwisho, jicho lipate lake na mimi nibakiwe na kitu kizuri. "Mimi nikienda, wewe hapana omba mtu." Ndiyo shida yake kubwa, kwamba nitaomba. Mama yake aliomba, baada ya baba yake.

Na mimi? Nilipumua. Siku tukiuza, dalali wa hisa atataja bei kwa mdomo wake, na uongo wangu utajulikana. Kwa hiyo aliposema tungoje, nilipumua. Naandika hapa ili angalau daftari hili nisilidanganye.

Jumatano, 20 Agosti

209. Nimekaa nyuma ya nyumba na kikokotoo cha simu nikapiga hesabu ya kweli mwenyewe. Mimi niliyefundisha Kiswahili watoto wa polisi miaka ishirini, na kugawanya nilikuwa nawaachia wenzangu. Mstari wa kweli ni 215. Bei imeingia chini yake.

Siku ya kwanza.

Nilidhani mstari nao ungeshuka haraka, umwonye. Kumbe ni mzito. Bei mpya ni moja tu kati ya mia mbili, na nyingi kati ya hizo ni za siku njema. Hata angekuwa na namba za kweli, mstari usingeshtuka. Bei ndiyo ingemwambia. Na bei naishika mimi.

Jumatatu, 25 Agosti

202. Nimesema 239. Siku ya nne.

Uongo unaopanda kila siku hauaminiki, kwa hiyo Ijumaa niliupunguza shilingi mbili. Akasema ndivyo kitu chenye afya kinavyopanda, kinapumzika kisha kinaendelea. Najichukia.

Jumanne, 2 Septemba

Siku ya kumi. 191.

Kwa sheria yake mwenyewe, leo angeuza. Angevaa koti, angeniambia nitafute vitambulisho, tungekwenda mjini. Nilikuwa nimeipanga sentensi tangu alfajiri, baada ya sala. Mzee, nimekukosea, bei siyo hiyo. Maneno matano tu.

Kabla sijafungua mdomo akaingia Okello. Walifanya kazi chumba kimoja cha redio, wakastaafu mwaka mmoja, sasa anakaa nyuma ya soko na huja kunywa chai na kulalamikia pensheni. Akamuuliza Mzee anasomaje gazeti siku hizi. Mzee akanishika kifundo cha mkono, akaninyanyua kidogo kama anaonyesha samaki mkubwa. "Macho yangu ni hii. Inasoma kushinda mimi."

Nikaimeza sentensi. Iko kifuani bado.

Jumatano, 10 Septemba

Amemimina chai nje ya kikombe. Birika zima, juu ya meza, juu ya mapaja yake. Hakujua mpaka ilipomchoma.

Anasema pazia jeusi linashuka kutoka juu, tangu juzi. Nikamwambia twende leo, tuuze leo, kwa bei yoyote. Bado wiki mbili, akasema, na leo umesoma 244, ukiuza leo unatupa hela. Nikampigia kelele. Nikamwita kichwa kigumu, punda, mtu wa kufa na namba zake. Jirani alichungulia. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akaomba suruali nyingine.

Nilikuwa najitukana mwenyewe, na matusi akayapokea yeye.

Alhamisi, 18 Septemba

Okello amekuja na gazeti lake kwapani. Hata hajakaa: "Afande, sabuni yenu naanguka vibaya. Mia moja sitini na tatu!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Okello, nunua miwani. Mama Rukia nasoma mbili, nne, sita, leo asubuhi."

Okello akalitazama gazeti. Akanitazama. Mtu huyu amekaa miaka yote na siri za redio za polisi, uso wake haukusema kitu. Akalikunja gazeti. "Labda mimi nasoma mstari ingine," akasema. Hakumaliza chai.

Mpaka mlangoni nilimsindikiza. Hakuniuliza. Angeniuliza ningepata nafuu. Mama yangu alikuwa akisema mficha uchi hazai. Nimeficha mpaka wageni wananifichia.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwambia.

Asubuhi, badala ya bei. Nilisema yote kwa mpigo, kuanzia jicho la kulia na ile 219. Nilingoja anipige, ingawa hajawahi. Nilingoja hata atukane.

Akasema, "Soma zile za kweli. Polepole."

Nikasoma kutoka nyuma ya daftari hili, bei thelathini na mbili, na pembeni bei za kutupa. Hakurudia tarakimu. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Nilipofika tarehe 2 Septemba akainua kiganja.

"Hapa. Hapa tungeuza."

Kisha akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Siku kumi na saba." Akaniuliza kwa nini. Nikasema nilikuonea huruma. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jina la mgonjwa asiyemfahamu. "Mimi hapana omba huruma. Mimi naomba namba."

Akaenda msikitini peke yake, akipapasa ukuta. Nikamfuata kwa mbali mpaka alipoingia.

Jumatatu, 22 Septemba

Tumeuza. 158.

Nakala za vitambulisho nilizitoa Wandegeya Jumamosi, kwenye foleni ndefu ya wanafunzi. Dalali kijana mwenye tai alituonyesha mahali pa kutia sahihi. Mzee hakupaona. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye mstari wa karatasi. Kabla ya kuandika akamuuliza kijana, siyo mimi: "Hapa imeandikwa bei gani?" Kijana akamsomea. Ndipo akatia sahihi.

Hela zinatosha upasuaji. Hakuna kinachobaki, lakini zinatosha. Nimepiga hesabu mara tatu ndani ya teksi, na kila mara zinatosha. Niliogopa kushuka kwa bei wiki zote hizo, na hata bei hii ya aibu ingelipa jicho.

Ijumaa, 26 Septemba

Hospitali. Fedha ziliingia jana. Septemba bado haijaisha, nilijiambia hivyo njia nzima.

Daktari alimulika kwa muda mrefu. Akazima taa. Pazia limekwisha kufika katikati, akasema, yapata wiki mbili au zaidi. Akipasua sasa atamtesa mzee bure. Nikasema, lakini ulituambia Septemba. Alinijibu kwa upole, na upole wake uliniumiza. Mama, nilisema upesi. Septemba ilikuwa ukingo.

Wiki mbili au zaidi. Ile chai. Tungeuza tarehe 2 angekuwa ameshapasuliwa kabla chai ile haijamwagika. Siwezi kulizunguka hili. Nimejaribu kumlaumu kwa ukaidi wake, na sukari, na daktari kwa kutaja mwezi. Kila njia inanirudisha kwangu.

Mzee alimshukuru daktari. Alimpa mkono, akaukosa, daktari akaufuata.

Ijumaa, 3 Oktoba

Zile hela za jicho ziko benki kwa jina langu. Amesema ziwe hivyo. Nikamwambia sizitaki. "Utataka," akasema. Basi amepata alichokuwa anakitafuta, sitaomba mtu. Nimelia jikoni mpaka ugali wa posho ukaungua.

Gazeti nanunua bado. Namsomea mpira, vifo, wizi wa ng'ombe Karamoja. Nikifika ukurasa wa masoko anasema tosha.

Okello alikuja. Mzee akamwomba amsomee barua ya pensheni. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, na barua nilishamsomea jana.

Jumapili, 12 Oktoba

Hana kinyongo. Hilo lazima niliandike, maana ni kweli. Ananiita Mama Rukia kama zamani. Jana alisifu pilau. Binti yetu alipopiga simu kutoka Arua na kuuliza ilikuwaje, alimwambia ni sukari, akabadilisha mazungumzo. Hajanitaja kwa mtu.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Alikuwa anataka kukaa nje, akaniuliza mara mbili hali ikoje. Saa nne hivi ikakatika. Nikatoa kiti, nikakipangusa, nikamwambia mvua imekwisha, Mzee, jua limetoka.

Akasema alhamdulillahi. Akaja mpaka kizingitini, akasimama. Akanyoosha mkono nje, kiganja juu, akaushikilia hapo kwa muda.

Kisha akasema ndiyo, limetoka, akatafuta kiti kwa mguu, akaketi.