Distributa ya Bi Mdogo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia mguu sasa unakanyaga, na mkongojo mmoja umeshauweka pembeni. Habari hizo nimezipata kwa shangazi, maana wewe hujanipigia na mimi sijathubutu kukupigia. Goti bado linavimba jioni? Usingizi unapata? Shangazi anasema unakula vizuri, lakini namjua shangazi, mtu akilamba kijiko tu kwake ameshiba. Mimi ni mzima wa mwili. Naandika juu ya benchi la kazi, mchana kweupe, mlango wa gereji nimeushusha nusu ili wateja wadhani sipo.

Kwanza nikupe habari za nyumbani kwako, hata kama hukuziuliza. Shemeji yupo. Anakwenda kupima viwanja vya watu, anarudi, anafua mwenyewe na kuanika vibaya, mashati yote yamepata nundu mabegani. Chumbani hajagusa kitu. Khanga yako ya kijani bado imetundikwa nyuma ya mlango. Nilipopita wiki iliyopita nilimkuta anakula amesimama, sahani ameishika mkononi, na viti vyote sita viko pale. Nilimwambia akae. Akaniambia amezoea.

Najua hutaki kusikia habari za lile gari, lakini bila hilo barua hii haina maana, kwa hiyo nivumilie. Bi Mdogo ulimpa jina wewe mwenyewe, ukisema kigari cha spoti cha viti viwili, kizee kuliko hata mimi, kinapakwa mafuta mazuri kuliko yako. Tulicheka siku ile mpaka shemeji akatoka nje. Basi, kabla ya mvua kuanza, shemeji aliniletea Bi Mdogo akilalamika kuwa anakohoa. Kwenye mlima anasita, na asubuhi yenye unyevu hawaki kabisa. Nilifungua nikaona tatizo liko kwenye distributa, kile kidude kinachogawa moto kwa plagi, kila moja kwa zamu yake. Zamu zikichanganyika gari linakohoa. Kidude kikiacha kuzunguka, gari linakufa hapo hapo lilipo. Ya Bi Mdogo shafti yake, ule mhimili wa katikati unaozunguka, ilikuwa inacheza kama jino bovu.

Unamjua mumeo. Alitoa daftari lake la kupimia viwanja, akachomoa kalamu sikioni, akataka nimweleze njia zote. Nikamweleza. Ya kwanza, distributa ile ile ya zamani ipelekwe kwa fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchonga vyuma, achonge bushi mpya ya kushikia shafti na kuikaza upya. Kazi ya polepole, lakini chuma kinabaki kile gari lilichozaliwa nacho. Ya pili, aagize nje ile ya kisasa inayowasha kwa elektroniki, asubiri miezi, halafu tuanze kubadilisha na nyaya. Ya tatu ni mpya ya kuiga, imo ndani ya boksi, dukani, unaifunga leo unaendesha leo. Aliandika zote tatu na kuzipigia mstari. Alisema hana haraka, anataka ya kuaminika tu.

Yaliyofuata wewe unayajua kuliko mimi, kwa sababu ulikuwa ndani. Ulikuwa umegoma kupanda gari lile karibu mwaka mzima. Siku ile ulikubali kwa kuwa mlikuwa mnakwenda kumpongeza dada yake shemeji aliyejifungua, na shemeji alikuwa amekusafishia kiti mara mbili. Taa ya njia panda ilikuwa ya kijani kwenu. Katikati ya barabara injini ikakata, bila kukohoa, bila kuonya. Shemeji alipiga stata mara tatu. Lori lilikuja upande wako.

Hospitalini, wewe ukiwa bado umelala, afisa wa ukaguzi wa magari alimuuliza shemeji nani alifunga kile kidude. Shemeji akasema nimenunua mwenyewe, nimefunga mwenyewe. Maneno hayo yakaandikwa, na wewe ukayasoma. Ulipotoka hospitali hukurudi kwako, ulikwenda kwa shangazi. Ulimwambia, na shangazi akaniambia, kwamba huwezi kulala na mtu aliyeuchezea uhai wako ili aonekane fundi. Wote tulikuona una haki. Na mimi nilitikisa kichwa pamoja nao, dada. Nilikaa kwenye kiti cha shangazi nikatikisa kichwa.

Mumeo hajawahi kufunga hata plagi kwenye gari lile. Kazi yake ni kulifuta vumbi. Distributa ile niliifunga mimi, kwa mikono hii.

Na si kuifunga tu. Niliichagua. Shemeji alitaka njia ya kwanza, ya kerezo. Katika mji huu wote fundi wa kuaminika kwa kazi hiyo ni mmoja, Mzee Miwani, yule aliyenifundisha kazi wewe ukinifungashia chakula cha mchana. Hukuwahi kujua kwa nini niliondoka kwake. Aliniambia mbele ya wateja kwamba mikono yangu ina haraka kuliko macho yangu. Nilibeba sanduku langu la spana nikaapa sitakanyaga tena mlangoni kwake. Miaka mitatu nilitimiza kiapo hicho kana kwamba kuna mtu alikuwa ananipa medali. Kwa hiyo shemeji aliponiuliza habari za Mzee Miwani, nilimwambia mzee ameacha kazi hizo, macho yamekwisha. Ulikuwa uongo mtupu.

Tukaenda dukani. Muuzaji alifungua boksi, kitu kinang'aa kama kijiko cha wageni. Nilishika shafti kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa, nikaitikisa. Ikacheza. Kidogo sana, dada, unene wa unywele, lakini ilicheza, na distributa mpya haitakiwi kucheza hata chembe. Niliihisi. Nilitakiwa kuirudisha kwenye boksi na kusema hii hapana. Lakini nikisema hii hapana, njia inayobaki ni ya Mzee Miwani.

Shemeji hakuniuliza bei wala dhamana. Alifunga daftari, akaniuliza swali moja tu: "Ingekuwa dada yako ndiye atakayekaa ndani, ungefunga hii?"

Nikamjibu, "Hii hii."

Baada ya ajali niliikusanya distributa ile kutoka kwenye mabaki, nikaificha chini ya benchi hili ninaloandikia. Siku nne zilizopita niliifunga kwenye gazeti nikaipeleka kwa Mzee Miwani. Hakunisalimia. Aliifungua, akaniwekea mezani vipande viwili vya pini, ile inayoshika gia ya chini. Ilikuwa imekatika kama chaki. Akasema shafti ikicheza, pini ndiyo inayobeba mateso yote, na kwamba mtu mwenye vidole angelijua hilo kabla ya kulipa. Nikamwambia nilijua. Alivua miwani, akaniambia kumbe haikuwa haraka ya mikono, na afadhali ingekuwa haraka.

Halafu akaniambia jambo jingine. Alisema mpima viwanja mmoja alifika kwake wiki mbili baada ya ajali, akamuuliza kama amewahi kuacha kutengeneza distributa. Mzee akamjibu hajawahi. Yule bwana akashukuru akaondoka. Yaani shemeji anajua. Amejua muda wote kwamba nilimdanganya, na ameendelea kula amesimama.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Nilimuuliza kwa nini amebeba mzigo usio wake. Alikuwa anakunja mashati. Alisema wewe ulinilea baada ya mama, ulikatisha shule kwa ajili yangu, na kwamba siku ile hospitali, kabla hujafumbua macho, alipiga hesabu akaona mmoja wetu lazima akupoteze. Alisema, "Mimi ni mume tu. Akinichukia mimi ataendelea kuishi. Akikuchukia wewe atajiuliza alikosea wapi kukulea." Akaniomba nisikwambie. Nilimwahidi. Ahadi hiyo ndiyo naivunja sasa.

Jana asubuhi nilikwenda kwa afisa wa ukaguzi na vile vipande vya pini, nikaandika maelezo mapya na kutia sahihi. Ameniambia nisisafiri, ataniita. Kwa hiyo barua hii si ya kukubembeleza. Hata ukiichoma, maelezo yapo. Na kama unajiuliza ulikosea wapi, hukukosea popote. Ulinifundisha kusema kweli tangu sijajua kufunga viatu. Nilijua la kusema, nikasema jingine.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Sitakuja mpaka uniite, na usiponiita nitaelewa.

Nisalimie sana shangazi, umwambie shikamoo yake naituma nikiwa nimeinamisha kichwa. Msalimie na jirani yake anayekusaidia kushuka ngazi. Mguu usiulazimishe, fanya mazoezi kama daktari alivyosema, siyo kama unavyotaka wewe.

Shangazi ameniambia kwamba kila Jumamosi saa kumi mtu fulani huja getini na mfuko wa matunda, na kila Jumamosi huambiwa umelala. Jumamosi hii akija, tafadhali dada, uwe macho.

Ni mimi mdogo wako,
fundi