Kifungu Ambacho Sikumsomea Bibi

Mpendwa Bi Halvorsen wa safu ya ushauri, nisikilize tafadhali, maana hata mwalimu wangu sijaweza kumwambia, mimi nina miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Montana, na mwezi ujao jimbo letu linapiga kura kuikubali au kuikataa katiba mpya. Bibi yangu haoni tena vizuri, kwa hiyo kila jioni nilimsomea rasimu iliyokuja kwa posta, naye akifuma soksi na kunikatiza, "Taratibu, mjukuu wangu, macho ndiyo yamekufa, masikio bado!" Mimi naipenda rasimu hii, hasa inaposema vikao vya serikali viwe wazi kwa wananchi, lakini nilipofika kifungu kinachoruhusu kaunti kuunganisha ofisi zake nikakiruka, kwa sababu baba ni karani wa kaunti na nilijua Bibi akikisikia atakataa yote ili kumlinda mwanawe. Juzi mezani baba akamwambia, "Mama, ukisema ndiyo, mwakani utanilisha wewe," Bibi akacheka, "Acha kunitisha! Kazi yako haikutajwa popote, huyu mtoto kanisomea neno kwa neno." Baba akanitazama, nami nikainamia viazi vyangu. Jumapili baada ya ibada natakiwa kumjazia kura yake ya posta, na tangu juzi sili wala silali. Je, nikae kimya, kama naamini ndiyo ni jambo jema?

Msomaji wa Bibi

Pole, mwanangu. Najua ilivyo kuwa na maneno mengi kichwani na ulimi mzito. Lakini sikufichi: umeshapiga kura ya bibi yako kabla hujashika kalamu. Unapenda vikao vya wazi, halafu umefunga mlango jikoni kwenu! Na nani alikwambia kumfikiria mwanawe ni ujinga? Kila mtu hupiga kura na watu wake moyoni.

Usingoje Jumapili. Leo hii kaa karibu naye, baba akiwepo, useme: "Bibi, kuna kifungu nilikiruka makusudi." Ukishindwa kuendelea, soma tu; kusoma unaweza. Atakukaripia, vumilia. Kisha mweleze kwa nini wewe unataka ndiyo, mbishane mpaka kahawa ipoe. Akisema hapana, weka alama kwenye hapana, umsomee ulichoandika, ufunge bahasha. Ndiyo yako utaipiga mwenyewe siku ya kura. Unayo moja tu.