Maji ya Anjelina

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tena. Mwenzangu Neema yuko likizo, kwa hiyo kazi ya watu wawili maabara ni yangu. Damu, mikojo, makohozi, na yale maji ya chupa ya uzazi anayoyavuta Dk. Shayo wa wodi ya wazazi. Mama akishikwa na uchungu kabla ya wakati, anachomwa sindano tumboni, maji kidogo yanavutwa, mimi natafuta dalili za maambukizi. Zikiwepo, mtoto atolewe haraka. Zisipokuwepo, uchungu unatulizwa na mama anapewa dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto. Kila siku mle tumboni ni mali.

Saa tatu yaliletwa ya Anjelina, mwalimu kutoka mji wa Mkuu. Wiki ya ishirini na tisa. Mimba mbili za nyuma ziliharibika. Maji yalikuwa na damu kidogo, nilitakiwa kuyazungusha kwenye mashine papo hapo ili damu itengane. Nikayaacha mezani, nikaenda chai. Saa nne ni saa nne, maabara nzima huondoka, na mtori wa kantini ukipoa haunyweki. Kurudi, foleni imefika mlangoni. Nikayapima saa sita. Sukari kumi na tatu. Mstari wetu ni kumi na nne, chini yake tunasema kuna wadudu wanaoila. Nikapiga simu wodini.

Saa nane naandika daftari, nikaona nyakati mbili zimeandikwa pamoja. Yalifika saa tatu, nimepima saa sita. Damu nayo hula sukari. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Nikapanda ngazi mbio. Dripu ya kuongeza uchungu ilikuwa imeshatundikwa, bado kufunguliwa. Nilimwambia Dk. Shayo mbele ya wauguzi wote. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu itabidi achomwe tena.

Safari hii nilisubiri mlangoni, nikayapokea kwa mkono wangu, nikayazungusha hapo hapo. Ishirini na mbili. Chini ya hadubini hakuna kitu. Dripu ikashushwa. Nimechoka hoi.

Jumanne, 7 Mei

Hajazaa. Sindano ya mapafu ya kwanza alipata jana jioni, ya pili leo.

Mama mkwe wake anashinda kwenye benchi la korido na chupa ya uji. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwa nini mkwe wake kachomwa mara mbili. Nikasema ni utaratibu. Uongo mtupu. Nimejichukia mchana kutwa.

Maji yaliyobaki, ya kwanza na ya pili, nimeyagandisha. Yanasubiri kipimo cha ile protini inayopanda mwili unapowaka ndani, hata kama mdudu haonekani. Hicho tunafanya Alhamisi tu. Sahani ya kupimia ina vishimo tisini na sita na dawa zake zinapatikana kwa kudra, hatuwezi kuifungua kwa ajili ya mama mmoja. Zamani nilikuwa nalalamika. Siku hizi nafunga friji tu.

Jumatano, 8 Mei

Baada ya kazi nimepanda kijijini kwetu, Kilema. Matope hadi kwenye kifundo. Nimemwomba mama anikatie sale, jani la kuombea radhi, kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba. Hakuuliza nimemkosea nani. Kwetu mtu akiomba jani la sale haulizwi, anakatiwa. Alichagua lisilo na doa, akalifunga fundo, akanirudishia mwavuli wangu wa mwaka jana.

Mimi mwenye stashahada ukutani, nimelificha jani kwenye mkoba, ndani ya gazeti. Naona haya. Lakini ule uongo wa Jumanne unanitia haya zaidi.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi nimewaeleza wote wawili, Anjelina na mama mkwe, kitandani kwake. Chai, damu, namba mbovu, sindano ya pili. Kisha nikatoa sale. Mama mkwe alilishika muda mrefu. Ukipewa sale hulikatai, hata kama moyo unataka.

"Nimepokea," akasema. "Lakini ungenieleza juzi, mama. Nilikuuliza vizuri."

Anjelina alisema sindano ya pili haikuuma kama ya kwanza. Nadhani alinihurumia. Nilishuka ngazi mwepesi.

Saa tisa sahani ikasomeka. Maji ya Anjelina, ya kwanza na ya pili, protini iko juu. Juu sana. Nimesoma mara tatu. Maana yake tumboni kulikuwa kunawaka tangu Jumatatu. Namba yangu mbovu ilisema kweli kwa kubahatisha. Ile safi, niliyoipima kwa uangalifu wote, ndiyo iliyotupumbaza. Nilimpigia Dk. Shayo. Kumbe naye alikuwa ananitafuta. Anjelina ana homa tangu saa nane.

Ijumaa, 10 Mei

Amezaliwa alfajiri. Msichana. Gramu elfu moja na mia mbili. Yuko wodi ya njiti, kwenye oksijeni na dawa za maambukizi.

Dk. Shayo anasema mapafu yalipata sindano zote mbili, na kwamba angezaliwa Jumatatu huenda asingeweza hata kulia. Anasema pia siku nne kwenye maji yanayowaka zinaweza kuumiza ubongo, tutajua mbele ya safari. Yote mawili kayasema kwa sauti ile ile. Sijui nishike lipi. Nina hasira na sijui namkasirikia nani.

Radhi niliyoomba ilikuwa ya sindano. Hili jingine sijaliombea.

Jumamosi, 11 Mei

Nimelala. Sikupika.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa ya kwanza nimepita wodini, bila koti jeupe. Mama mkwe amerudi Mkuu kuangalia ng'ombe. Anjelina alikuwa amekaa, mtoto kifuani ndani ya kitenge, mrija puani.

Nikamweleza habari za Alhamisi. Kwamba nilipoisahihisha ile namba, ndipo walipoamua kusubiri. Alisikiliza bila kunitazama. Aliuliza kitu kimoja tu, zile siku zilimsaidia mwanawe au zilimdhuru. Nikasema sijui. Na daktari hajui.

Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema mkono wake umekufa ganzi, nimshikie kichwa cha mtoto ageuke upande.

Nikanawa. Kichwa chote kilienea kiganjani. Aligeuka, akaegemea mto, akafumba macho. Hakuniambia niachie.